Mstari wa Nta

Sikuja na dawa, baba. Nimekuja na sabuni,
kilo mbili za sukari ambayo daktari ameshakukataza,
na baridi ya maabara ingali vidoleni.
Treni ililala Manyoni saa saba nzima.

Walinipigia Jumanne: umeanguka chini ya mtundu,
kamba ya mzinga bado mkononi.
Kasogela, mtoto wa jirani, akadhani ni nyuki,
akakutafuta mwiba shingoni, mgongoni, kwapani,
kumbe mwiba ulikuwa ndani:
donge la damu, katika mshipa usiozidi mrija wa soda.

Hapa Kitete walikuonyesha moyo wako kwenye kioo.
Ukasema, "Unapiga kama kuku aliyefungwa miguu."
Kweli. Upande mmoja unavuta,
upande wa pili unatazama tu.
Nyama ile imekufa. Ngozi ikichanika hurudi,
mfupa ukivunjika huunga,
ini hata ukilimega huota.
Moyo hauoti.
Moyo huweka kovu na kuendelea na kazi,
na kovu hutanuka, na ukuta hupungua unene, mpaka

hapo nikanyamaza. Ulikuwa unaniangalia mdomo.

"Sasa wewe huko unatengeneza nini?"

Nikachota mlenda kwenye bakuli lako,
nikainua kijiko, ukavutika, ukagoma kukatika.
Kitu kama hiki, nikasema.
Kwenye sindano ni maji, kinapita.
Kikifika kwenye nyama, kikaonja joto la mwili,
kinaganda. Kinaushika ukuta usizidi kutanuka.

"Nta hufanya kinyume. Nta hulegea kwa joto."

Ndiyo, baba. Hii ni nta iliyosoma shule nyingine.
Ukacheka, ukashika kifua,
nami nikaujutia mzaha wangu.

Kisha, nikasema taratibu, hukaa wiki kadhaa
kikiyeyuka kidogokidogo,
na katika matundu yake tunangoja chembe hai ziingie,
zijenge mishipa midogo, zijenge nyama, zikae.

Kidole chako kikapita juu ya shuka,
mstari mmoja, mrefu, ulionyooka.
"Unapaka nta kwenye fito. Unasubiri nyuki."

Miaka sita, baba. Kurasa mia mbili na kumi na moja.
Hakuna msimamizi aliyelisema hivyo.

"Mpaka sasa kachomwa nani?"
Nguruwe.
Ukageukia dirisha lililo upande wa msikiti.
"Basi wametutangulia hospitali."
Ukakaa kidogo.
"Wamepona?"
Wengine.
"Na nyuki wasipokuja?"

Hilo ndilo ninalolipwa kulijibu.
Sijalijibu.

"Mizinga kumi," ukasema, "mwaka wenye maua,
huingiwa minne.
Sita unaisafisha, unatoa mchwa, unafukuza mjusi,
unapaka tena."
Hukuwa unanifariji. Ulikuwa unanipa hesabu.

Leo nimefika Ipole bila wewe.
Kasogela ameshika ngazi, hataki nipande,
anasema nina viatu vya ofisini.
Fito ishirini na tatu zimelala juu ya turubai.
Nta niliikuta ulikosema, ndani ya kopo la maziwa,
ngumu, ina alama za meno ya panya.
Nikaibana kati ya viganja. Ikakataa.
Nikaendelea kuibana huku nikifikiria presha yako,
watakayoipima saa kumi, na yule muuguzi
anayeiandika kwa penseli,
mpaka ikakubali.

Nimepaka mstari mwembamba, kama ulivyonionya:
usizidishe, nyuki hawapendi nyumba
iliyokwisha kujengwa.

Hilo nimeliandika daftarini, chini ya tarehe,
pale ninapoweka vipimo vya uzito wa jeli.
Nikirudi nitaanza na nyepesi zaidi.